Mwezi si taa: Siri ya kupiga picha za usiku ufuoni Kikambala

JUMAPILI ya Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa wote na tukio hilo likaonekana Afrika Mashariki popote palipokuwa na anga safi. Kivuli cha dunia kilianza kuumega mwezi mwendo wa saa moja na dakika 27 usiku. Ilipotimu saa mbili na nusu ulikuwa umemezwa kabisa, ukageuka rangi ya shaba, na haukuanza kuachiliwa hadi saa tatu na dakika 52.

Watu wengi walitoka nje, wakainua simu zao za mkononi na kupiga picha. Walipozitazama baadaye waliona nini? Kidoa cheupe kama taa ya barabarani, au ukungu mwekundu usio na umbo. Wengine wakakata shauri kwamba picha za mwezi ni kazi ya matajiri wenye kamera ndefu mithili ya bomba.

Sivyo, ndugu msomaji. Tofauti kati ya kidoa na picha inayoonyesha milima na mashimo ya mwezi haitokani na bei ya kamera pekee. Kwanza hutokana na kuelewa kile unachokipiga picha, na pili, mahali uliposimama. Katika jambo hilo la pili, sisi wa Afrika Mashariki, na hasa wanaokaa au wanaozuru pwani ya Kilifi, tumejaliwa kuliko tunavyodhani.

Mwezi uko mchana

Kosa la kwanza la wengi ni kuamini kwamba kwa kuwa ni usiku, basi kamera inahitaji mwanga mwingi. Kamera yenyewe hudanganyika hivyo hivyo. Huona giza limetanda kila upande, nayo ikaamua kuacha mlango wake wazi kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga. Matokeo yake ni kwamba mwezi, ambao ni sehemu ndogo tu ya picha, huungua ukawa mweupe pepepe.

Ukweli ni kwamba mwezi si taa. Ni jiwe kubwa la rangi ya kijivu lililoanikwa juani. Uso wake hurudisha kiasi cha asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoufikia, karibu sawa na lami iliyochakaa barabarani. Unapoupiga picha saa tatu za usiku ukiwa Kikambala, wewe uko usiku lakini mwezi uko mchana, tena mchana wa jua kali lisilo na wingu hata moja.

Ndiyo sababu wapiga picha wa tangu enzi za filamu wana kanuni yao rahisi kwa mwezi mpevu. Tundu la lenzi liwekwe kwenye namba 11, na muda wa kupiga uwe sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100, basi, piga kwa sehemu moja ya 100 ya sekunde. Muda huo si mbali sana na ule ambao ungetumia kuwapiga watoto wakicheza ufuoni adhuhuri.

Kwa mwenye simu, kanuni hiyo hugeuka kuwa kitendo kimoja. Gusa mwezi kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole hadi simu ifunge mahali ilipolenga, kisha vuta alama ya jua kushuka chini mpaka mwezi uache kuwaka na madoa yake yaonekane. Zima flashi, maana mwanga wake hauwezi kufika hata kwenye kichwa cha mnazi, sembuse mwezi ulio umbali wa takriban kilomita 384,000.

Mwezi unapopatwa, mambo hubadilika. Ukiwa ndani ya kivuli cha dunia mwanga wake hupungua mara maelfu kwa maelfu, na hapo ndipo kamera huhitaji sekunde moja, mbili au zaidi. Walioshika simu kwa mikono mitupu usiku ule wa Septemba waliambulia ukungu kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia kwa muda huo.

Kwa nini Kikambala?

Kikambala iko katika Kaunti ya Kilifi, chini ya kilomita 30 kaskazini ya Mombasa, ukishapita Mtwapa kwenye barabara ya kwenda Malindi. Ufuo wake ni mrefu, mchanga wake ni mweupe, na umeelekea mashariki. Mbele ya macho yako ni Bahari Hindi tupu. Ukifuata mstari wa moja kwa moja kuelekea jua linakochomoza, hukuti mji wowote hadi visiwa vya Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,500 huko mbele. Kwa hiyo upande huo hakuna taa za mji za kuharibu giza.

Faida ya pili haionekani kwa macho. Kikambala iko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mwezi na sayari husafiri kwenye njia moja angani, na kwa mtu aliye karibu na ikweta njia hiyo hupita juu sana, nyakati nyingine karibu na utosi. Hali hii ina maana kubwa kwa mpiga picha. Kitu kilicho chini karibu na upeo wa macho hutazamwa kupitia hewa nene, yenye joto, vumbi na unyevu unaochezacheza. Kilicho juu hutazamwa kupitia hewa chache, nacho huonekana kikali zaidi.

Chukua mfano wa Julai 2018. Sayari ya Mirihi, ile yenye wekundu, ilisogea hadi kilomita milioni 57.6 kutoka duniani. Mtu aliyekuwa London aliiona ikipanda nyuzi 13 tu juu ya upeo wa macho, sawa na mtu anayechungulia juu ya mapaa ya nyumba. Kutoka Kikambala sayari hiyo hiyo ilipanda karibu nyuzi 69, juu kabisa. Usiku wa Julai 27 mwaka huo, mwezi nao ulipatwa ukiwa kando ya Mirihi, na ukabaki gizani kwa dakika 103. Kupatwa huko ndiko kurefu zaidi katika karne hii ya 21. Mwenye darubini ndogo Kikambala usiku ule alikuwa na nafasi nzuri kuliko mwenye darubini ya bei ghali London.

Pwani hii si ngeni kwa elimu ya anga. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini na kuanza kurusha setilaiti mwaka wa 1967. Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza anga kwa miali ya eksirei. Roketi ya mwisho iliruka mwaka wa 1988, lakini kituo hicho, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la mwanzilishi wake Luigi Broglio, kingali kinapokea habari kutoka kwa setilaiti.

Mwezi mpevu hutoka baharini

Picha ambayo kila mgeni wa pwani huitamani ni ile ya mwezi mpevu ukichomoza majini. Siku ya mwezi mpevu, jua linapotua nyuma yako bara, mwezi huchomoza mbele yako baharini karibu wakati ule ule, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni.

Hapa pana siri ndogo. Siku yenyewe ya mwezi mpevu mara nyingi giza huingia kabla mwezi haujapanda vya kutosha, na picha hutoka ikiwa na mwezi unaowaka juu ya weusi mtupu. Afadhali uende siku moja kabla. Kwa kuwa mwezi huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, siku iliyotangulia utauona umekwisha kuchomoza wakati bado kuna mwanga wa jioni. Hapo bahari, ngalawa na minazi vitaonekana pamoja na mwezi katika picha moja, bila kimoja kukifunika kingine.

Maji nayo yana ratiba yake, na wavuvi wa Kikambala huijua bila kalenda. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu. Pwani ya Kenya, bamvua hujaa mwendo wa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni na kupwa kabisa mwendo wa saa nne hadi saa tano usiku. Kwa hiyo mwezi mpevu unapochomoza maji huwa yameanza kurudi nyuma, yakiacha mchanga umelowa na kung'aa kama kioo. Mpiga picha akichutama karibu na mchanga huo atapata miezi miwili, mmoja juu na mwingine chini.

Wengi hulalamika kwamba mwezi uliokuwa mkubwa kama sinia ulipokuwa ukichomoza, hutoka kwenye picha ukiwa mdogo kama punje ya dengu. Kamera haikukosea. Ukubwa ule wa upeo wa macho ni macho na akili zetu tu zinazotuhadaa. Kwa kweli mwezi unapochomoza huwa mbali nasi kidogo kuliko unapokuwa utosini. Ukitaka uonekane mkubwa, usiukimbilie mwezi. Jitenge na kile unachotaka kiwe mbele yake. Simama mita mia kadhaa kutoka kwenye mashua, kisha tumia lenzi ndefu. Mashua itapungua, mwezi utabaki vile vile, na picha itakuwa na kishindo.

Mwezi mchanga hutua bara

Ikiwa bahari inakupa mwezi mpevu, bara linakupa mwezi mchanga. Mwezi mwandamo huonekana magharibi punde baada ya jua kutua, kwa hiyo mtu wa Kikambala anayeutafuta sharti aipe bahari kisogo na kutazama juu ya minazi, upande wa bara.

Waislamu wa pwani wameutafuta mwezi huo kwa karne nyingi jioni ya siku ya 29 ya mwezi wa Kiislamu, hasa Ramadhani inapokaribia au kumalizika. Wapo wanaoshikilia kwamba jicho tupu ndilo shahidi, na wapo wanaokubali msaada wa darubini na kamera. Hapa si mahali pa kuamua suala hilo la wanazuoni. Itoshe kusema kwamba kuupiga picha mwezi wa siku ya kwanza ni mtihani mkubwa, kwa sababu ni uzi mwembamba ndani ya anga ambalo bado lina mwanga, nao hutua upesi.

Mwanafunzi ataona jambo la ajabu hapa. Katika vitabu vingi vya ng'ambo, mwezi mchanga huchorwa umesimama wima kama upinde. Kwetu hulala chali kama dau, ukiinama kidogo kushoto au kulia kulingana na majira. Vitabu havikosei. Waandishi wake waliutazama kutoka mbali na ikweta. Picha yako ya Kikambala ni somo la jiografia ambalo hulipati katika vitabu hivyo.

Ukiacha kamera ikusanye mwanga kwa sekunde moja au mbili, utaona pia sehemu ya mwezi iliyo gizani iking'aa kwa mbali. Huo ni mwanga wa dunia yetu wenyewe, uliotoka juani, ukaigonga bahari na mawingu yetu, ukarudi hadi mwezini.

Kwa atakaye mashimo na milima, wakati bora si mwezi mpevu bali kati ya siku ya saba na ya kumi ya mwezi. Katika mpevu jua huupiga mwezi usoni moja kwa moja na vivuli hupotea. Katika nusu mwezi, tazama ule mpaka kati ya upande wenye mchana na upande wenye usiku. Vivuli huko ni virefu, na kila shimo hujitokeza kama limechongwa. Ukiupata vizuri utaweza kumwonyesha mtoto lile eneo tambarare la Bahari ya Utulivu, ambapo binadamu walitua kwa mara ya kwanza Julai 20, 1969.

Simu na darubini

Lenzi kuu ya simu ni fupi mno. Ukubwa wa mwezi ndani ya kamera hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa 110. Lenzi ya milimita 50 hutoa mwezi usiofika nusu milimita, ile ya milimita 500 hutoa mwezi wa milimita nne na nusu, na ile ya simu hutoa kijidoa kisichofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Kuukuza mwezi kwa vidole kwenye kioo cha simu hakuongezi kitu. Ni sawa na kunyoosha chapati ndogo ili ijaze sahani: itapanuka, lakini unga ni ule ule.

Dawa yake ni darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama mbugani. Elekeza darubini kwenye mwezi, kisha weka lenzi ya simu mbele ya kioo kimoja cha kutazamia. Darubini inayokuza mara 10 itaukuza mwezi mara 10 ndani ya simu yako, nayo mashimo makubwa yataanza kuonekana.

Tatizo ni mtikisiko. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo hutimia kila usiku. Funga darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, au iegemeze juu ya mfuko wa mchanga ukutani, na mchanga Kikambala hauuzwi. Weka simu ijipige yenyewe baada ya sekunde tatu, ili kidole chako kisiitikise. Baba akishika darubini, mama akilenga na mtoto akibonyeza, familia nzima huwa kazini.

Na tuseme hili kwa herufi nzito: usielekeze darubini wala lenzi ndefu kwenye jua, hata kwa nukta moja. Jicho laweza kuungua bila maumivu yoyote na lisipone. Hifadhi vyombo hivyo mbali na watoto wadogo wakati wa mchana.

Sayari: Haba na haba

Kuitambua sayari si kazi ngumu. Nyota hukonyeza, sayari hutulia. Zuhura ndiyo inayong'aa kuliko zote, nayo huonekana magharibi baada ya magharibi au mashariki kabla ya mapambazuko, kamwe si usiku wa manane. Mshtarii, ambayo wanafunzi wengine huijua kwa jina la Jupita, huifuata kwa mng'ao na yaweza kukaa angani usiku kucha. Mirihi ina wekundu. Zohali ina umanjano hafifu na ndiyo yenye pete mashuhuri.

Sayari ni ndogo sana angani. Hata Mshtarii, ambayo upana wake ni mara 11 ya dunia, huonekana kama sehemu moja ya 40 ya upana wa mwezi. Lakini ina zawadi kwa mwenye vyombo vya kawaida. Januari 1610, Galileo Galilei wa Italia aliielekezea darubini yake na kuona vijinyota kando yake vikibadilisha mahali usiku baada ya usiku. Vilikuwa miezi yake minne mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Ugunduzi huo ulisaidia kuvunja imani kwamba kila kitu mbinguni huizunguka dunia.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kurudia kazi ya Galileo akiwa Kikambala. Apate kamera yenye lenzi ya milimita 200 au 300, aifunge kwenye stendi, aipige Mshtarii kwa nusu sekunde, usiku nne mfululizo saa ile ile. Sayari itaungua iwe doa jeupe, lakini kando yake vijidoa vitatu au vinne vitajipanga mstari mmoja, kila usiku kwa mpangilio mpya. Io humaliza mzunguko wake kwa saa 42 hivi. Picha hizo nne zikibandikwa pamoja kwenye karatasi zitashinda mradi mwingi wa kunakili kitabuni.

Pete za Zohali zahitaji darubini halisi ya nyota, inayokuza mara 30 au zaidi. Machi 2025 pete hizo zilitugeukia ubavu, zikawa nyembamba kama wembe, na tangu hapo zimekuwa zikifunguka tena mwaka hadi mwaka.

Wapiga picha wa sayari hawapigi picha moja. Huchukua video ya dakika moja au mbili yenye maelfu ya picha. Hewa huchezacheza, hivyo nyingi hutoka zimevurugika, lakini chache hunaswa katika nukta ambayo hewa imetulia. Programu za kompyuta, nyingine zikitolewa bure, huzichagua hizo chache na kuzilaza moja juu ya nyingine hadi sayari ijitokeze na mikanda yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Picha ya kweli na picha ya kubuniwa

Kuna jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua siku hizi. Machi 2023 ulizuka mjadala mkubwa ulimwenguni kuhusu simu za kampuni moja mashuhuri. Mtumiaji mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaifisha makusudi hadi madoa yote yakapotea, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaipiga kwa simu hiyo. Simu ikatoa mwezi wenye madoa na mashimo ambayo hayakuwapo mbele yake. Kampuni ilieleza kwamba simu hutambua kuwa kinachopigwa ni mwezi, kisha akili bandia ikaongeza ukali wa picha.

Je, hiyo ni picha au ni mchoro? Kwa anayetaka pambo la kutuma kwa marafiki, huenda haina neno. Kwa mwanafunzi, hasara ni kubwa. Picha ni ushahidi wa ulichokiona. Simu ikikujazia ulichokikosa, hujaona kitu na hujajifunza kitu, nawe hutajua kama ulilenga vibaya, kama hewa ilikuwa mbovu au kama mkono ulitikisika.

Basi zima msaada huo kwenye simu, au tumia sehemu ya kamera inayokuruhusu kupanga kila kitu mwenyewe. Mwezi wako wa kweli huenda usiwe mzuri kama wa jirani, lakini ni wako. Usiku wa leo una madoa mawili, mwezi ujao utakuwa na matano, na maendeleo hayo utayaona kwa macho yako.

Chumvi, maji na usalama

Majira bora ya kazi hii pwani ni wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, ambapo mvua ni adimu. Masika huleta mawingu mengi kuanzia Aprili hadi Juni, na vuli nayo huvuruga miezi ya mwisho wa mwaka.

Hewa ya bahari ni adui wa kioo. Chumvi huganda kwenye lenzi na unyevu huotesha ukungu ndani yake. Futa lenzi kwa kitambaa laini ukirudi nyumbani, na uihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Usiende ufuoni peke yako usiku. Nendeni kikundi, mwarifu mlinzi au wazee wa mahali hapo, na msiyafuate maji yanapokupwa hadi kwenye mwamba. Bamvua iliyokupwa saa tano usiku itarudi, na humkuta aliyezama katika kamera hajui lango liko wapi. Funika tochi kwa karatasi nyekundu, ili macho yenu yasipoteze uzoefu wa giza.

Giza linapungua

Ukisimama Kikambala na kutazama kusini utaona mng'ao juu ya Mtwapa na Mombasa. Miaka nenda miaka rudi mng'ao huo unazidi kupanda. Hoteli, nyumba za likizo na maduka huwasha taa zinazomulika juu angani badala ya chini penye miguu ya watu. Mwezi hauogopi taa hizo, na Mshtarii pia huzivumilia, lakini nyota hafifu huzimika moja baada ya nyingine.

Anayeumia si mpiga picha peke yake. Vifaranga vya kasa vinapoanguliwa mchangani usiku huufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Penye taa kali ufuoni hupotea njia wakaelekea bara, ambako kifo huwangoja. Dawa yake ni rahisi: taa yenye kifuniko inayomulika chini, nayo izimwe inapokuwa haina kazi. Anayefanya hivyo hupunguza hata bili ya umeme.

Wavuvi wa dagaa wamejua thamani ya giza tangu jadi. Usiku wa mbalamwezi samaki hawaifuati taa ya chombo, na wengi wao hupumzika. Watoto wa mjini ambao hawajawahi kuona kivuli chao wenyewe kikitupwa na mwezi mchangani wana haki ya kukiona kabla taa hazijafika kila mahali.

Kwa wale watakaotaka tarehe ya kuandika kwenye kalenda, Desemba 31, 2028, siku ya Jumapili tena, mwezi utapatwa wote. Kikambala utachomoza baharini mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni ukiwa tayari umekwisha kumegwa, utamezwa kabisa kuanzia saa moja na dakika 16 hadi saa mbili na dakika 28 usiku, na kivuli kitauacha kabla ya saa nne, fataki za mwaka mpya zikiwa bado hazijaanza.

Usingoje hadi siku hiyo ndipo uanze kujifunza. Mwezi huja kila mwezi, na mazoezi yake hayalipiwi. Anza jioni yoyote utakayouona ukiwa nusu: gusa kioo cha simu, shusha mwanga, egemeza simu ukutani, na uhesabu madoa uliyoyapata.